Olonana wa Mbatiany: Laiboni Kati ya Ndugu na Dola

Utangulizi

Abiria anayesubiri matatu katika kituo cha Adams Arcade, kwenye Barabara ya Ngong jijini Nairobi, amezungukwa na jina la mtu mmoja, na mara nyingi hatambui. Nyuma yake, upande wa mjini, mtaani Kilimani, ipo Barabara ya Lenana. Mbele yake, akishaipita Dagoretti Corner, ipo Shule ya Upili ya Lenana, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Duke of York. Akibahatika kuupanda Mlima Kenya, kilele anachoweza kukifikia kwa miguu bila kamba wala vyuma ni Lenana, chenye urefu wa mita 4,985. Jina limeenea kila mahali, lakini mwenyewe ni kama hajulikani. Wachache wanaomtaja humtaja kwa kumhukumu: ama alikuwa msaliti aliyeuza ardhi ya Wamaasai, ama alikuwa mwenye hekima aliyewaokoa wasiangamie.

Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha ya Olonana, mwana wa Mbatiany, ambaye katika Kiswahili na Kiingereza alizoeleka kuitwa Lenana. Mwandishi hakusudii kumtakasa wala kumtia hatiani. Kinachokusudiwa ni kuonyesha jinsi mtu aliyekuwa dhaifu alivyotafuta nguvu kwa mgeni, na jinsi mgeni huyo alivyobadilika mara tu alipoacha kumhitaji. Mwisho, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa fasihi, tutayatazama masimulizi mawili yanayoyafungua na kuyafunga maisha yake, yaani hadithi ya baraka ya baba na hadithi ya wosia wa mwana.

Nasaba na baraka

Olonana alizaliwa katika ukoo wa Inkidongi, ukoo wa malaiboni wa Kimaasai. Babu yake alikuwa Supeet, na baba yake alikuwa Mbatiany, laiboni aliyesifika kuliko wote katika karne ya 19. Ni muhimu kufahamu tangu mwanzo kwamba laiboni hakuwa mfalme. Kazi yake ilikuwa kupiga ramli, kutoa dawa za kinga, kubariki sherehe za rika na kuwaombea morani kabla ya vita. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na wazee pamoja na viongozi wa marika. Wamaasai hawakuwa na kiti kimoja cha enzi ambacho mtu mmoja angeweza kukalia na kuwasemea wote. Kosa la Waingereza la kulifananisha cheo hili na ufalme lilikuja kuwa na gharama kubwa.

Mbatiany alifariki mnamo 1890 hivi, akawaacha wana wawili waliokuwa wakiushindania urithi wake, Senteu na Olonana. Masimulizi yaliyonukuliwa na A. C. Hollis katika kitabu chake cha 1905 kuhusu lugha na fasihi ya Wamaasai yanaeleza kuwa mzee alipohisi kifo kinakaribia, alimwita Senteu, mwana mkubwa, akamwagiza aje alfajiri apokee zana za ulaiboni. Olonana alikuwa amejificha karibu, akayasikia hayo. Kabla hapajapambazuka akamtangulia nduguye. Mzee, ambaye macho yake yalikuwa na kasoro, akamkabidhi zana hizo akidhani ni Senteu. Senteu alipofika, baba yake hakuweza kuirudisha baraka iliyokwisha kutoka kinywani mwake. Senteu akakataa kuwa chini ya mdogo wake, akaapa kupigana.

Msomaji atakumbuka mara moja kisa cha Yakobo na Esau. Hatuhitaji kuamua hapa kama kisa hiki kilitokea hivyo hasa. Linalotuhusu ni kwamba kilisimuliwa, na kwamba kinasema mambo mawili kwa wakati mmoja: Olonana ndiye mrithi, na urithi wake una doa. Doa hilo lilimfuata maisha yake yote.

Miaka ya Emutai

Vita vya ndugu hawa vilizuka wakati mbaya. Mnamo 1883 homa ya mapafu ya ng'ombe iliingia katika mifugo ya Wamaasai. Mnamo 1890 na 1891 ikafuata sotoka, iliyofyeka makundi yote katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mnamo 1892 ndui ikawageukia watu wenyewe. Wamaasai huiita miaka hiyo Emutai, yaani maangamizi. Kwa jamii ambayo ng'ombe ndiye chakula, mahari, fidia na heshima yake, kufa kwa ng'ombe kulikuwa kufa kwa utaratibu wote wa maisha. Familia zilitawanyika. Wengine walikimbilia kwa Wagikuyu, wakiwaweka watoto rehani kwa nafaka. Wengine walinyang'anyana mifugo michache iliyosalia.

Katika hali hiyo Waloita walimuunga mkono Senteu, na Wapurko wakawa nguzo ya upande wa Olonana. Senteu alikuwa na ngome yake kusini, katika nchi ambayo Wajerumani walikuwa wakiitwaa. Olonana alibaki kaskazini, katika nchi ambayo Waingereza walikuwa wakiingia. Mpaka uliochorwa Ulaya ulipita katikati ya mji wa Mbatiany, ndugu wawili wakajikuta kila mmoja upande wa dola yake.

Kufika kwa mgeni

Mnamo Oktoba 1890 Frederick Lugard, akiitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alijenga boma Dagoretti, mwendo mfupi tu kutoka hapa Adams Arcade. Alifanya mapatano ya urafiki na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wagikuyu wa sehemu hiyo. Urafiki huo haukudumu. Watu wa Kampuni waliotumwa kukaa bomani walipora vyakula, boma likashambuliwa na kuteketezwa. Kampuni ikajenga boma jingine, Fort Smith, huko Kabete mnamo 1891. Mwaka uliofuata Waiyaki alikamatwa, akapelekwa kuelekea pwani, akafia Kibwezi. Leo barabara kuu itokayo Westlands kuelekea magharibi inaitwa Waiyaki Way. Mji wetu umewapa majina ya barabara aliyepigana na Waingereza na aliyeshirikiana nao, na umeziweka barabara hizo mwendo mfupi tu kutoka kwa kila mmoja.

Ni katika Fort Smith hiyohiyo ambapo Olonana alifika mnamo 1894, yeye na watu wake, wakiwa na njaa na wakiwa wamesukumwa na majeshi ya Senteu. Msimamizi wa boma, Francis Hall, aliwapa hifadhi. Hapa ndipo muungano ulipozaliwa. Haukuzaliwa kwa sababu Olonana alivutiwa na ustaarabu wa Waingereza, wala kwa sababu alitishwa na bunduki zao peke yake. Alikuwa mkimbizi aliyehitaji ukuta wa kuegemea.

Mwaka uliofuata muungano huo ulijaribiwa. Mnamo Novemba 1895 msafara mkubwa wa wapagazi Waswahili na Wagikuyu, ukirejea kutoka Eldama Ravine, ulipita katika Bonde la Kedong. Baadhi ya wasafiri hao waliwaingilia wanawake na mifugo ya Wamaasai. Morani wakaghadhabika, wakaushambulia msafara, wakaua mamia ya watu. Mfanyabiashara mmoja wa Kiskoti, Andrew Dick, aliyekuwa karibu, alikwenda kulipiza kisasi kwa bunduki. Aliwaua Wamaasai wengi kabla ya yeye mwenyewe kuuawa.

Kila mtu alitarajia vita. Badala yake Waingereza walichunguza, wakakiri kwamba msafara ndio uliochokoza, na hawakutuma jeshi la kuadhibu. Uamuzi huu umesifiwa kuwa wa haki. Ulikuwa pia uamuzi wa watu waliokuwa dhaifu. Himaya ilikuwa imetangazwa Julai ya mwaka huohuo, askari walikuwa wachache, na njia ya kwenda Uganda ilikata katikati ya nchi ya Wamaasai. Olonana, kwa upande wake, aliona kwamba mzungu mmoja mwenye bunduki aliweza kufanya uharibifu mkubwa. Pande zote mbili zikaona faida ya kutopigana.

Washirika wa vita

Kuanzia hapo morani wa Kimaasai walikuwa wakiitwa kila Waingereza walipokwenda vitani. Walikwenda dhidi ya baadhi ya Wagikuyu, na walikwenda dhidi ya Wanandi, ikiwemo vita kubwa ya 1905 na 1906, ambayo mwanzoni mwake Koitalel arap Samoei aliuawa mnamo Oktoba 1905. Malipo yao hayakuwa mshahara. Waligawiwa ng'ombe, mbuzi na kondoo walioporwa. Kwa njia hii mazizi yaliyomalizwa na sotoka yakaanza kujaa tena. Waingereza walipata jeshi lisilowagharimu fedha, Wamaasai wakapata mifugo, na jamii jirani zikalipia gharama za wote wawili.

Jambo hili si geni katika historia ya dunia. Kati ya 1754 na 1763 Wafaransa na Waingereza walipigania Amerika ya Kaskazini, kila upande ukiwa na wenyeji wa kuwasaidia. Wenyeji hao hawakuwa vibaraka. Kila taifa lilikuwa na hesabu zake, na nguvu yake ilitokana na kwamba wageni walikuwa wawili na waligombana. Montreal ilipoanguka mnamo 1760 na Ufaransa ikajitoa kwa mkataba wa 1763, Mwingereza hakuwa tena na sababu ya kumbembeleza mtu. Zawadi za bunduki na baruti zikapunguzwa, walowezi wakasonga magharibi, na Pontiac wa Waottawa akaongoza vita mwaka huohuo wa 1763. Karibu nasi zaidi, huko Buganda, makundi ya Wakatoliki na Waprotestanti yaliitana Wafransa na Waingereza. Yalipopigana Mengo mnamo Januari 1892, bunduki za Lugard zilizogawiwa Waprotestanti ndizo zilizoamua, na Kabaka Mwanga akakimbilia kisiwani.

Funzo la visa hivi ni moja. Mshirika ana thamani maadamu anahitajika. Olonana alikuwa na thamani katika miaka ya 1890. Mnamo 1897 askari wa Kisudani wa Waingereza waliasi, na himaya ikatetereka. Lakini reli ilifika Nairobi Mei 1899, na Desemba 1901 ikafika ziwani, Kisumu. Mnamo 1902 jeshi la King's African Rifles likaundwa. Sasa askari waliweza kusafirishwa kwa siku chache mahali ambapo zamani walitembea kwa miezi. Hesabu ilikuwa imegeuka, ingawa heshima za nje zilizidi. Waingereza walimtambua Olonana kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho Wamaasai wenyewe hawakuwa nacho. Mnamo 1902 Senteu, akiwa amechoka, aliomba amani kwa nduguye. Kwa macho ya nje Olonana alikuwa ameshinda kila kitu.

Mkataba wa 1904

Reli iliyomaliza uhitaji wa washirika ilileta pia uhitaji wa ardhi. Sir Charles Eliot, Kamishna wa Himaya kuanzia 1900 hadi 1904, aliamini kwamba ardhi nzuri ya Bonde la Ufa ilifaa kukaliwa na walowezi wazungu na si wafugaji. Inafaa kukumbuka kwamba ni Eliot huyohuyo aliyekiandikia utangulizi kitabu cha Hollis, kilichohifadhi hadithi za Wamaasai. Kuyapenda masimulizi ya watu na kuwatamanisha wengine ardhi yao vilikaa katika mtu mmoja bila ugomvi.

Eliot alijiuzulu mnamo 1904, akafuatwa na Sir Donald Stewart. Agosti mwaka huo mkataba ukatiwa sahihi, na jina la kwanza kwa upande wa Wamaasai lilikuwa la Olonana. Wamaasai walikubali kuondoka katika eneo la Naivasha na Nakuru, wakagawanywa katika hifadhi mbili: moja kaskazini, Laikipia, na nyingine kusini mwa reli. Waliahidiwa njia ya kuziunganisha hifadhi hizo na mahali pa kufanyia sherehe za tohara huko Kinangop. Waliahidiwa pia kwamba mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wangaliko duniani.

Kwa nini alikubali? Wanaomtetea husema hakuwa na njia. Angekataa, angepigwa kama Wanandi walivyokuja kupigwa, na ng'ombe waliorudi kwa taabu wangetoweka tena. Wanaomlaumu husema cheo chake kilitoka kwa serikali, na mwenye kupewa kiti na mtu hawezi kumkatalia mtu huyo. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba hoja zote mbili ni za kweli na hazipingani. Mtu anaweza kuwa hana njia kwa sababu ya njia aliyoichagua miaka kumi nyuma. Tena, aliyeweka alama kwenye karatasi hiyo hakuwa peke yake. Viongozi wa Wapurko na wa sehemu nyingine walikuwapo pia.

Kifo na wosia

Ahadi ya milele ilidumu miaka saba. Walowezi waliitaka Laikipia nayo. Gavana Sir Percy Girouard alianza kupanga kuwahamisha Wamaasai wa kaskazini wajiunge na wenzao wa kusini. Girouard alikuwa mzaliwa wa Montreal, mwana wa Mkanada mwenye asili ya Kifaransa. Kizazi cha walioshindwa 1760 kilikuwa sasa kinaitumikia dola iliyowashinda, na kilikuwa kinawahamisha wengine. Mnamo 1910 serikali ya London iliusimamisha uhamisho huo kwa sababu haikuwa imetoa idhini. Upande wa kaskazini, Ole Gilisho, kiongozi wa Wapurko aliyejulikana pia kama Legalishu, hakutaka kuondoka.

Olonana alifariki tarehe 7 Machi 1911. Muda mfupi baadaye serikali ilitangaza kwamba alipokuwa akikata roho alitoa wosia: Wamaasai waitii serikali, na wale wa Laikipia wahamie kusini. Tarehe 4 Aprili, chini ya mwezi mmoja baada ya mazishi, mkataba wa pili ulitiwa sahihi. Seggi, mwana wa Olonana aliyekuwa bado kijana, aliwekwa kuwa mrithi na jina lake likawamo katika mkataba. Ole Gilisho naye alitia sahihi, lakini baadaye akapinga.

Kati ya 1911 na 1913 Wamaasai wa kaskazini walihamishwa: takriban watu 10,000, ng'ombe wapatao 175,000 na kondoo zaidi ya milioni moja. Njiani baridi na mvua za nyanda za juu ziliua watu na mifugo. Ole Gilisho na wenzake walikwenda mahakamani. Mnamo Mei 1913 Mahakama Kuu ya Himaya iliamua kwamba mikataba ile ilikuwa ya kimataifa, kati ya dola na dola, na kwa hiyo mahakama ya kawaida haikuwa na uwezo wa kuihukumu. Rufaa yao ilitupwa mwezi wa Desemba. Wamaasai walihesabiwa kuwa taifa huru pale tu uhuru huo ulipowanyima haki.

Masimulizi mawili

Turudi sasa kwenye hoja ya kifasihi. Maisha ya Olonana yamefungwa kati ya mizee miwili inayokufa. Mwanzoni baba anakufa, anatoa baraka, na inapokewa na asiyekusudiwa. Mwishoni mwana anakufa, anatoa wosia, na unapokewa na serikali. Katika jamii nyingi za Afrika neno la mtu anayekufa halipingwi. Serikali ya kikoloni ililifahamu jambo hilo, ndiyo maana haikusema tu kwamba Laikipia ilitakiwa na walowezi. Ilisema laiboni ameagiza.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa kuuliza maswali ya msingi: nani anasimulia, kwa nani, na kwa manufaa ya nani? Kisa cha baraka iliyoibwa kilizunguka miongoni mwa Wamaasai wenyewe, kikiwa na mgogoro ndani yake, kwa sababu wasikilizaji wake walikuwa na pande mbili. Wosia wa 1911 ulitufikia kupitia kwa maafisa waliotaka hicho hasa unachokiagiza, na ulitangazwa wakati ambapo msemaji hakuweza tena kuulizwa. Hilo pekee halithibitishi kwamba ulibuniwa. Huenda mzee aliyeishi miaka 17 akiiegemea serikali aliwashauri watu wake waendelee kuiegemea. Lakini utanzu wa wosia una sheria zake, na mojawapo ni kwamba unahitaji mashahidi wasiokuwa na fungu katika urithi. Wosia huu haukuwa nao.

Hitimisho

Nyuma ya maduka ya Adams Arcade, ukilipita soko la Toi, kuna Kibera, mahali ambapo askari wa Kinubi waliopigania dola hiyohiyo walipewa makazi mwanzoni mwa karne ya 20 bila ya hati za kumiliki ardhi. Wajukuu wao walipigania hati hizo kwa miaka mingi. Wamaasai nao, Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa kwanza, waliandamana kudai ardhi ya Laikipia, na polisi wakawatawanya. Washirika wa jana wa Mwingereza waliachiwa majina na kumbukumbu, na ardhi ikaenda kwa wengine.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Maisha ya Olonana yanatukumbusha kwamba nyasi nazo huwa na mipango yake. Aliona tembo wakija, akajaribu kusimama karibu na mmoja wao ili asikanyagwe, na kwa muongo mmoja alifaulu: watu wake walikula, mazizi yakajaa, nduguye akaja kuomba amani. Kosa lake, kama tunaruhusiwa kuliita kosa, lilikuwa kudhani kwamba urafiki uliojengwa juu ya uhitaji ungeendelea baada ya uhitaji kwisha. Wengi wenye jeshi na elimu kumliko walidhani vivyo hivyo.

Jina lake linabaki kwenye vibao vya barabara na lango la shule. Ni wajibu wetu, sisi tunaoifundisha na kujifunza lugha ambayo jina hilo liligeuzwa kuwa Lenana, kuhakikisha kwamba anayelisoma kibaoni anapata pia kusoma habari za mwenye jina.